Konseto ya Mama Maestro

Padri alimwomba apige muziki katika harusi ya mpwa wake, akakataa. Mkuu wa shule alimwomba awafundishe watoto wimbo wa kumkaribisha mgeni wa serikali, akakataa. Mume wangu alimsimamishia gari siku ya mvua kubwa akamwambia apande. Akakataa hata hilo, akaendelea kupanda kilima cha Masisi viatu mkononi, matope mpaka magotini, midomo ikichezacheza.

Mume wangu alifika nyumbani amekasirika. "Yule mama iko na kichwa nguvu," akasema. "Anapenda kulowa kuliko kusema merci."

Haikuwa hivyo. Siku ile alikuwa na wimbo kichwani ambao haujakomaa, na ndani ya gari redio ilikuwa imewashwa.

Sote tulimwita Mama Maestro. Kwetu maestro ni mtu anayeongoza kwaya, naye aliongoza kwaya ya parokia miaka mingi kabla sijamjua. Mimi ni Munande, nimetoka upande wa Butembo. Nilifika Masisi na mume wangu tukafungua duka la vitenge, nikaingia kwaya kwa sababu mfanyabiashara mgeni anahitaji kujulikana. Nilidhani nitaimba Jumapili, nitasalimiana na watu, nitarudi dukani. Miezi michache baadaye nilikuwa na violon, yaani fidla, shingoni, vidole vinaniuma, na mama huyu ananiambia mbele ya watu wote kwamba ninapiga kama mtu anayekata nyama.

Alijifunza wapi kusoma noti, sikujua. Ukimwuliza, alijibu, "Kwa masikio." Basi yamekwisha.

Vyombo vyetu vya muziki vililetwa parokiani kutoka Ulaya ndani ya sanduku, vimetumika, baadhi vina nyufa. Kulikuwa na violon kadhaa, selo moja ya kushikwa kati ya magoti, filimbi moja na klarineti moja. Kati yake kulikuwa na violon moja iliyozizidi nyingine kwa ukubwa. Tulidhani ni kosa la kiwanda. Mama Maestro aliishika, akavuta uzi wake mzito kwa kidole, akasikiliza mpaka ukanyamaza kabisa.

"Hii njo yangu," akasema, yaani hii ndiyo yangu.

"Mama, ile haiko sawa na zingine," mtu mmoja akamwambia.

"Njo maana."

Ilikuwa alto. Alto hukaa katikati: haipandi juu kama violon, haishuki chini kama selo. Katika orkestra kazi yake ni kujaza, na msikilizaji wa kawaida hajui hata kama ipo. Mama Maestro aliichukia desturi hiyo. Alisema violon ikilia kila mtu anageuza kichwa, selo ikisema kila mtu anaheshimu, lakini alto inapika, inafagia, inafua, na wageni wakifika inaambiwa ikae jikoni. Akaamua kuiandikia konseto. Konseto ni muziki mrefu ambamo chombo kimoja kinasimama mbele, na orkestra yote inabishana nacho. Hakuna maneno, hakuna kwaya. Yeye ndiye angesimama mbele, na sisi, watu kumi na kitu, wauza vitenge na walimu na fundi seremala, ndio tungekuwa orkestra.

Shida ilionekana mapema. Sauti ya alto haina nguvu. Tukipiga sote, yeye anazama. Mtu mwingine angetuambia tupige kwa sauti ndogo. Yeye hakutaka tumpunguzie. "Mukinionea huruma, haiko tena konseto," alisema. Akatafuta njia nyingine. Kila mahali alto ilipoingia, alitutoa sisi mahali ilipokaa sauti yake: violon akazipandisha juu kabisa, kontrabasi, chombo kikubwa kuliko vyote, akaishusha chini ikidonolewa kwa vidole tu, na pale katikati akaacha uwazi kama mlango. Kwa hiyo tuliweza kupiga kwa nguvu zote na bado yeye akasikika. Siku ilipofaulu mara ya kwanza alitabasamu kidogo, akaficha tabasamu hilo nyuma ya alto.

Kontrabasi yenyewe ilitengenezwa na seremala wetu, kwa mbao za hapo hapo. Ilikuwa nzito mno. Ilishuka kutoka nyumbani kwake juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi na makaa, na watu njiani walidhani ni jeneza la mtu mnene. Wanaume walivua kofia. Seremala naye hakuwasahihisha.

Karatasi za muziki hazikuuzwa Masisi. Mama Maestro alipigilia misumari mitano kwenye kipande cha ubao, akaichovya katika wino, akaikokota juu ya karatasi nyeupe: mistari mitano inatoka pamoja, imepinda kidogo. Hakuwa na piano ya kujaribia. Alitunga akitembea kwenda shamba lake la maharagwe, kati ya malisho ya ng'ombe, na mtu aliyemsalimu wakati huo hakujibiwa. Wengi walisema ana majivuno. Siku moja tulikuwa msibani, wanawake tumekaa chini, mama mwenye msiba analia, na Mama Maestro akaanza kugonga paja lake kwa vidole, mara tatu mara mbili, mara tatu mara mbili. Dada wa marehemu alimwambia atoke. Akatoka. Kesho yake alirudi na kikapu cha maharagwe, akalima shamba la wale watu juma zima bila kuambiwa. Lakini ile tatu na mbili aliiweka katika sehemu ya kwanza ya konseto, na ipo mpaka leo.

Ndivyo alivyokuwa, huwezi kumshika upande mmoja. Alisema dini imejaa watu wavivu, na hakukosa misa ya asubuhi. Alitufundisha kwamba chombo ni mali ya wote, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa alto yake hata kwa kidole. Alitukemea tukichelewa mazoezi, halafu yeye mwenyewe anafika saa ambayo tumeshaanza kuondoka, na anatuuliza tunakwenda wapi. Uzi wa chini wa alto ulipokatika, hakulalamika. Alikwenda kwa fundi wa kinga, yaani baiskeli, akachagua waya wa breki, akaunyoosha. Ulitoa sauti ya kukwaruza. Aliipenda, akabadilisha noti zilizokuwa laini mno ili ziufae ule waya.

Sasa nieleze habari ya bwana mmoja wa Goma.

Alikuwa wa shirika fulani, mtu mwenye adabu, na alipita Masisi kwa kazi nyingine. Akasikia mazoezi akiwa barabarani, akaingia. Tulimpigia sehemu ya kwanza yote. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, akapiga makofi kwa nguvu, akasema atatupeleka Goma tupige katika sala kubwa, yaani ukumbi, mbele ya wageni wa nchi nyingine. Seremala alinipigia jicho. Mimi kichwani nilikuwa nimeshachagua kitenge cha kuvaa.

"Ila kitu kidogo, Mama," yule bwana akasema. "Wageni watauliza muziki hii inasema nini. Tukiweka watoto katikati, baimbe maneno ya amani, batu batalia. Na tuipe jina. Machozi ya Kivu, kwa mfano."

"Sitaki balie," akajibu Mama Maestro.

"Lakini, Mama, huku batu banateseka."

"Najua. Niko huku."

"Njo maana, dunia inapaswa kujua."

Mama Maestro aliweka alto ndani ya sanduku lake, akafunga taratibu, kisha akamgeukia. "Papa, kila mwenye anafika hapa anatuomba machozi. Anapiga picha, anaandika, anaenda. Machozi tulishatoa, ingine haiko. Hii haiko machozi, hii iko kazi. Niliifanya na akili. Bakitaka kuisikia, baisikie vile iko. Jina yake iko Konseto ya alto. Kama haitoshe, basi."

Yule bwana alijaribu tena, kwa upole. Akajibiwa maneno yale yale. Akaondoka, na Goma ikaondoka naye.

Tulimkasirikia sana. Mpiga filimbi aliacha kuja. Mimi nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia waziwazi, "Mama, ulitufungia mulango sisi bote. Haukutuuliza."

Alikuwa anapura maharagwe. Hakusimama. "Njo vile, sikubauliza. Mwenye anataka kupita pa mulango ile, apite. Asibebe tu konseto yangu."

"Na sisi? Sisi haiko yetu?"

Hapo alisimama. Alinitazama, fimbo mkononi, kisha akaendelea kupura. Nikarudi dukani nimeapa kuiacha violon. Lakini Jumamosi alileta karatasi mpya. Katika sehemu ya kwanza, mahali ambapo sisi violon za pili tulikuwa tunasugua noti moja tu, alikuwa ametuandikia wimbo kamili, mzuri, na alto inakaa kimya kutusikiliza. Hakusema samahani na mimi sikumdai. Nilikaa kwenye kiti changu. Hata mpiga filimbi alirudi baada ya kusikia habari hiyo, maana alitaka kujua kama na yeye ameandikiwa. Alikuwa ameandikiwa.

Kisha vita vikafika kwetu. Risasi zilianza asubuhi ya soko, na kufikia mchana tulikuwa barabarani, watu na mbuzi na magodoro, kuelekea upande wa Walikale. Seremala alizika kontrabasi ndani ya nyasi za paa la nyumba yake. Mimi nilibeba nguo na violon. Mama Maestro alibeba alto mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi, na vijana wenye bunduki. Wa upande gani, sitasema. Mmoja wao aliona sanduku.

"Fungua. Ile iko mbunduki."

Akafungua. Kijana akatazama, wenzake wakacheka.

"Basi piga, tusikie."

"Apana," akasema Mama Maestro.

Nilimvuta nguo. Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Mama, piga tu, hata kidogo, tupite." Hakunitazama.

"Nimesema piga!"

"Nimesikia. Sipigake na nguvu ya mbunduki. Unataka kusikia, weka ile kitu chini, ukuye ukae, nitakupigia mpaka kesho."

"Basi acha hiyo hapa, uende."

Akakaa. Akakaa chini katikati ya barabara, sanduku mapajani, miguu ameinyoosha. Nyuma yetu msururu ulikuwa mrefu, watoto wanalia, na mvua ikaanza. Kijana yule aliinua bunduki akaishusha. Wanawake wa nyuma wakaanza kupiga kelele, wengine wakimtukana Mama Maestro kwamba atawaua, wengine wakimtukana kijana. Mwishoni mkubwa wa kijana yule alitoka chini ya turubai, akaona ile fujo, akasema kwa uchovu, "Aende na jeneza yake. Bote bapite." Tukapita. Nilimwambia siku ile kwamba ni mwendawazimu, na mpaka leo sijui kama nilikosea. Angeweza kufa, na sisi pamoja naye, kwa kukataa wimbo mmoja.

Akanijibu, "Ningepiga pale, kila mara nikishika alto ningemuona yeye."

Tulifika Mpofi, na huko tulikaa muda mrefu kuliko tulivyofikiri. Tulipovuka mto njiani, mfuko wa plastiki ulikuwa umeingia maji, na wino wa sehemu ya pili ukawa doa la bluu. Nilidhani atalia. Alikausha karatasi juani, akazitumia kuwashia moto. Nilipomwuliza kama anaikumbuka ile sehemu, alisema anaikumbuka yote, lakini haitaki tena. "Ile iliandikwa na mutu mwenye kuwa na nyumba," akasema. "Nitaandika ingine."

Mwenye kutupokea alikuwa mwindaji, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, Mkristo ambaye hata hivyo hakuingia porini bila kufanya kwanza mambo ya wazee wake. Alitupa chumba nyuma ya nyumba. Mama Maestro alitunga akikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mwindaji anasuka mitego yake karibu, hawasemezani. Siku moja akamaliza wimbo mrefu wa alto peke yake, wa ile sehemu ya pili mpya, akaupiga wote, akamwuliza anauonaje.

"Haiko muzuri," akasema mwindaji.

Nilishtuka. Mama Maestro akasogea karibu. "Wapi?"

"Pale inakatika. Mutu anangojea iendelee, inakatika."

Alifikiria jambo hilo siku nzima. Nilimsikia akijaribu kuuendeleza wimbo, namna hii na namna ile. Kesho yake alimfuata mwindaji shambani. "Papa, nimeangalia muzuri. Itakatika vile vile."

Mwindaji akacheka mpaka akaegemea jembe. "Basi sikupenda."

"Ni haki yako."

Tangu hapo wakawa marafiki. Alimletea nyama ya nungu, naye alimpigia kila alichoandika, na kila mara aliambiwa ukweli. Mama Maestro alisema hajawahi kuwa na msikilizaji kama yule, kwa kuwa wengine wote walikuwa wanamsifu ama wanamhurumia.

Usalama uliporudi kidogo, tulitawanyika. Mume wangu alihamishia duka Kirotshe, kando ya ziwa, na Mama Maestro akarudi Masisi kutafuta shamba lake. Tulipata habari zake kwa madereva: yuko, anaandika, amegombana na padri mpya. Kisha habari zikakatika.

Siku moja nilikwenda hospitali ya Kirotshe kumwona jirani aliyejifungua. Nikipita wodi ya wanawake nikasikia sauti inabishana na mwuguzi kuhusu uji. Niliijua kabla sijauona uso.

Mama Maestro alikuwa amekonda. Upande wa kushoto wa mwili wake ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, mkono umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Walimleta kutoka Masisi kwa pikipiki, amefungwa mgongoni mwa mpwa wake. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Bila huo hakuna alto. Nilikaa kitandani kwake nikaanza kulia.

"Mama Bitenge," akaniambia kwa jina nililopewa kwa ajili ya duka, maneno yakitoka kwa shida, "acha. Mukono ya kuandika iko."

Ulikuwepo kweli. Chini ya mto kulikuwa na karatasi, na sehemu ya tatu ilikuwa imeandikwa karibu yote, noti kubwa, za kwenda upande, lakini zinasomeka. Nikamwambia kazi nzuri, nikamwambia siku moja atapatikana mtu wa kuipiga.

"Amepatikana. Wewe."

"Miye? Mama, miye ni violon ya pili. Ulisema ninakata nyama."

"Unakata. Tutarekebisha."

Alinifundisha miezi mingi, kwanza hospitalini, mpaka wagonjwa wengine wakalalamika, kisha nyumbani kwangu, kwa maana nilimchukua akae nasi. Alto ni kubwa kuliko violon, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea kuhesabu noti za duka. Aligonga mkono wa kiti kwa mkono wake mmoja. Aliniambia hapana mara nyingi kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Siku nyingine nilitupa upinde wa alto, nikatoka nje nikakaa na wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, nikarudi. Mume wangu, ambaye hakumpenda kamwe, ndiye aliyeanza kuniuliza jioni, "Leo umepita pale pagumu?"

Tuliwatafuta wenzetu. Mpiga klarineti alikuwa amekufa. Nafasi yake tuliiacha tupu, maana Mama Maestro hakutaka mtu aijaze. Seremala alifika na kontrabasi yake, panya wamekula pembe moja. Tulipiga katika sala ya parokia, Kirotshe, siku ya Jumapili mchana. Watu walijaa kwa sababu walisikia kuna muziki na hawakujua ni wa namna gani. Mama Maestro alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki, mtandio umefungwa vizuri.

Sehemu ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita, na pale inapokatika nilisikia watu wakivuta pumzi. Tulipokuwa katika ya tatu, pale ambapo orkestra yote inanyamaza na alto inabaki peke yake, malori ya wanajeshi yakaanza kupita barabarani. Hayakuwa machache. Madirisha yalitikisika. Sikusikia tena alto yangu, ingawa ilikuwa chini ya sikio langu. Niliwatazama wenzangu, seremala alitikisa kichwa niache, tungoje. Nikamtazama Mama Maestro. Alikuwa anapiga goti lake kwa mkono wa kulia, hesabu ile ile, haongezi, hapunguzi, macho yake kwangu.

Nikaendelea. Nilipiga wimbo mzima kwa vidole, bila kuusikia, kama mtu anayetembea nyumbani kwake taa zimezimika. Watu waliona upinde unakwenda na kurudi na hawakusikia chochote. Hakuna aliyesimama kuondoka. Malori yalipokwisha, alto ilikuwa bado inaimba, mahali hasa ilipopaswa kuwa, na wenzangu wakaingia sawasawa, tukamaliza.

Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Padri, mtu mwema, alisimama akanyoosha mikono wanyamaze. Alisema ni masikitiko kwamba malori yameharibu kipande kizuri kile. Akamwinamia Mama Maestro, akamwomba kwa heshima kama tungeweza kukirudia, ili na wao wasikie.

Mama Maestro alitafuta maneno kwa ule mdomo uliopinda.

"Apana kurudilia, Padri," akasema. "Ile ilishapigwa."